Mvuke wa Asubuhi ya Kwenda Canberra

Alfajiri hiyo Falone alimkalisha binti yake kwenye kigoda, akamfunika blanketi gubigubi juu ya sufuria ya maji ya moto. Mle majini alikuwa ametia tangawizi, malimau na majani ya mkaratusi aliyochuma jana yake bustanini, hapo Liverpool, saa chache kwa basi kutoka Canberra.

"Mum, it's too hot!"

"Vuta pumuzi, mwanangu. Unaenda kulala na watoto wa watu."

Tangu Covid imwondoe shangazi yake kule Bukavu, Falone aliogopa kila kikohozi. Lakini Aksanti, binti huyo wa miaka kumi na mitatu, alikuwa kwenye kikosi cha bendera cha shule, wale wanaocheza na bendera kwa muziki, wanazirusha juu na kuzidaka pamoja. Mashindano ya Canberra yalikwisha kuahirishwa mara mbili kwa sababu ya lockdown. Sasa ni 2022, na safari ilikuwa leo.

Dakika kumi baadaye walikuwa mlangoni pa basi, Aksanti kavishwa koti zito na kofia ya sufu. Wanjugu, nesi Mkenya ambaye mwanawe naye alikuwa kikosini, na aliyekuwa akipima kila anayepanda, alimwelekezea kipimajoto kwenye paji la uso. Kikalia. Akapima tena.

"Thelathini na nane nukta mbili," alisema polepole. "Mama Aksanti, mwenye homa hapandi. Na hawa wamefanya mazoezi pamoja wiki nzima. Ikiwa ni Covid, hakuna mtoto anaenda."

Mwalimu, Mzungu mrefu mwenye daftari, alirudi nyuma hatua mbili. Ndani ya basi watoto walivuta barakoa zao juu.

Ni mvuke, Falone alijiambia. Ni mvuke tu. Lakini kama si mvuke? Usiku mtoto alikuwa amepiga chafya. Mara moja, au mbili? Na hata kama ni mvuke, atausemaje? Concilie, anayekaa naye dawati moja kwenye darasa la jioni la Kiingereza, aliapa kwamba katika nchi hii ukimtibu mtoto kwa majani, watu wa serikali wanakuja kumchukua. Alimwona Mwalimu akifungua daftari.

Aksanti alijua. Neno lake moja tu lingetosha. Alikumbatia bendera yake iliyokunjwa, akatazama chini, akamlinda mama yake kwa kunyamaza.

Hapo Falone akashindwa kuvumilia.

"Mama Wanjugu, ni miye. Nilimufukiza asubuhi hii. Na mukaratusi."

"Ati nini? Halafu ukamfunga koti hivi? Ai, mama! Hata mimi ukinipika hivyo nitafika digrii arobaini!"

Wanjugu hakucheka sana. Alimgeukia Mwalimu, akaeleza kwa Kiingereza. Kalamu ikaanza kuandika. Falone akanyoosha shingo kulitazama daftari.

"Anaandika nini?"

"Subiri kwanza. Mvue hilo koti."

Wakampima mtoto Covid puani, wakakiweka kile kipimo juu ya ukuta. Dakika kumi na tano. Mstari wa kwanza ulitokea upesi. Falone alikodolea mahali pa mstari wa pili, ule wa Covid, mpaka macho yakamwasha, mara akauona, mara hakuuona.

"Mmoja tu," Wanjugu alisema mwishowe. Akapima joto tena. "Thelathini na sita nukta tisa. Panda, msichana."

Mwalimu alimwonyesha Falone daftari: saa, namba mbili za joto, na neno moja, *steam*, yaani mvuke. Kisha akalifunga.

Aksanti alishakaa kitini, anacheka na wenzake, mabega yakigusana. Watoto ishirini, mwendo wa saa tatu barabarani. Falone akakimbilia upande wake, akagonga kioo kwa vidole.

"Dirisha! Fungua dirisha, mama!"

Wenzake wakaangua kicheko. Aksanti akafumba macho kwa aibu, kisha akasukuma kioo, upana wa kiganja. Basi likaondoka hivyo, na Falone akalifuata mpaka kona, akihakikisha dirisha halijafungwa.