Watalii Hawaagwi

Likizo ya Spès ilipangwa mezani kwangu, hapa Sydenham tulikokimbilia, kwa sababu chumbani kwake dirisha lilikuwa bado limezibwa kwa boksi tangu wenyeji waje kumvunjia kioo, kumchomea saluni na kumwambia arudi kwao. Wakala alimtafutia kisiwa cha Karibea, ambako viza ya utalii haisumbui. Akanunua kofia ya majani na nguo ya kuogelea, yeye ambaye hata bafuni huingia na kitenge! Mumewe, Fabien, alikariri jina la hoteli kama katekisimu.

"Tunaenda kupumzika wiki moja, hivyo ndivyo tutasema," Spès alimwonya mama yake, Bernadette. "Mtalii hana mtu wa kumlilia. Mama, usikuye ku airport. Wakijua haturudi, tumekwisha."

Bernadette aliitikia kwa kichwa. Mimi nilimjua. Kwao mtu hasafiri bila kuombewa, na huyu ndiye mtoto pekee aliyembakia. Siku yenyewe ilipofika alitukusanya kwaya nzima, sare na ngoma, tukapanda kombi ya kanisa. Wajinga sisi! Hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Tuliingia tukiimba. Spès alikuwa kaunta, pasipoti zao mkononi mwa karani. Bernadette alitutangulia, mikono juu, analia: "Mwanangu, Mungu akutangulie!"

Karani akamtazama mama, akamtazama Spès, akauliza kwa Kiingereza kama huyo ni mzazi wake.

"Simjui," Spès akajibu kwa Kiingereza hichohicho, bila kutetemeka. Nilingoja jogoo awike.

Bernadette alielewa. Alisimama kidogo, kisha akapinda kushoto, akamkumbatia mzungu mmoja mzee mwenye mkoba wa gofu. "Mwanangu," akaendelea kulia, mkono kichwani pa yule mtu, "uende salama, usinisahau." Nikapiga ngoma. Tukamzunguka tukamwimbia, naye akatoa simu akaturekodi. Karani akacheka, akawarudishia wenzetu pasipoti na tiketi. Wakaingia ndani bila kugeuka.

Kombi ikasimama kwenye robot, taa nyekundu ya barabarani ikiwaka.

"Henriette," Bernadette akaniita. "Wakati anaingia, aligeuka?"

"Aligeuka, Mama," nikasema.

Na kwaya nzima ikaitikia, "Aligeuka."