Waya wa Papa Kangwa

Uso wa Mapalo ulitabasamu kwenye fulana, vifuani mwa watu. Kila kijana aliyeinama kupokea soda aliukunja. Akiinuka, ukanyooka tena. Mgongoni mwa fulana hizo, kwa herufi kubwa kuliko jina la marehemu, paliandikwa: DEPO KANGWA.

Mama yake Mapalo, Hortense, alikaa mstari wa mbele chini ya hema. Hema lilikuwa la Kangwa. Viti vya Kangwa, soda za Kangwa. Siku ile ya kumaliza matanga, mtaa mzima wa Katuba ulikuwa ukimshukuru Kangwa.

Asubuhi ya kifo cha Mapalo, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mapalo, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa udaktari, alitoka kuwahi basi la kwenda chuoni. Viatu vyake vyeupe alivishika mkononi ili visichafuke kwa matope. Hortense alikuwa akipepea makaa kwenye jiko la mbabula aliposikia watu wakipiga kelele barabarani. Waya wa umeme ambao Kangwa aliuvuta juu ya njia, kwenye vijiti, kutoka depo yake ya samaki hadi friji zake za ng'ambo, ulikuwa umeanguka ndani ya maji. Mapalo aliyakanyaga maji hayo bila viatu.

Majirani walikuwa wamemwambia Kangwa juu ya waya ule. Alikuwa akicheka, akisema ataurekebisha. Baada ya maziko aliurudisha kwenye vijiti vile vile.

Sasa alishika mikrofoni, akafuta jasho.

"Mapalo alikuwa mutoto yetu sisi bote," alisema. "Lakini Mungu anachaguaka maua ya muzuri."

Watu wakaitikia amina. Hortense akasimama.

Rafiki yake Musonda, aliyenunua samaki kwa Kangwa kila alfajiri na kuwauza sokoni, akamvuta kitenge. "Mama Mapalo, ikala. Ukimukasirisha, kesho tutauzisha nini?"

Hortense aliuondoa mkono ule taratibu. Hakuhitaji mikrofoni. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sauti yake ilizoea madarasa yaliyojaa.

"Mungu hana na depo mu Katuba," alisema. "Waya yenye iliua mutoto yangu ni yako, Papa Kangwa. Na uliirudisha pale pale."

Wazee wakazitazama soda zao. Hortense akatoka chini ya hema akielekea depo, na nyuma yake akasikia viti vikisukumwa: wanafunzi wenzake Mapalo walikuwa wakimfuata, wengine wakivua zile fulana na kuziacha juu ya viti.

Kangwa alifika kwa gari, akasimama mlangoni mwa depo na kutandaza mikono.

"Mukizima courant ya friji, samaki yote itaoza! Bamama watakula nini?"

"Ioze," alisema Hortense.

Mtu mmoja akapenya katikati ya vijana. Alikuwa Musonda, kitenge kimelegea kwa kukimbia. Hakumtazama Kangwa. Alipita ubavuni mwake, akaingia ndani alikozoea kuchagua samaki, akaivuta swichi kubwa chini. Mngurumo wa friji ukakatika. Wakati huo ndipo Hortense alipoushika waya kwa mikono miwili, akauangusha kijiti kwa kijiti, akilia kwa hasira, mpaka njia ikabaki wazi.

Kangwa alitishia kuwapeleka wote polisi. Hakuwapeleka. Musonda alinyimwa samaki, akaanza kuuza karanga.

Kisha asubuhi moja, Hortense alipokuwa ndiyo kwanza amebandika maharagwe kwenye mbabula, wakaja mafundi wa Kangwa na majembe. Wakachimba mfereji mdogo kukatiza njia, wakapitisha waya mpya ndani ya bomba, wakafukia, wakashindilia udongo kwa miguu. Walipoondoka, maharagwe ya Hortense yalikuwa bado hayajaiva.

"Kumbe kazi yenyewe ni hii tu," alisema Musonda, aliyekuwa amekaa naye mlangoni.

Hortense aliinuka, akaongeza makaa.