Miguu ya Swabir

Ushawahi kuikanda miguu ya mumeo, naye mwenyewe hayupo? Twaiba wa Mwabungo aliikanda. Ilimjia baada ya magharibi, yuko uani anakuna nazi: miguu ya Swabir, kuanzia kiunoni kushuka, na viatu vyake vya mpira. Akaiosha vumbi, akaikanda kwa mafuta ya nazi. Yaliyofuata ni ya mke na mumewe.

Swabir mwenyewe alikuwa kambini. Msimu huu, kila ikikaribia mechi, kocha Mbwana huwafungia wachezaji darasani, wasilale na wake zao. Mwaka jana, timu ilipofungwa na Bodo, Mbwana alishika kipaza sauti akamtaja Twaiba kwa jina, kuwa ndiye aliyemmaliza Swabir nguvu. Na usiku wa kuamkia mechi ile Twaiba alikuwa Msambweni akimuuguza mamake. Swabir alilijua hilo, akainama kufunga kamba za viatu. Tangu hapo, Twaiba akienda kisimani huitwa Mnyonya Magoti. Aliyameza.

Msimu huu miguu ilikuja kila jioni, ikarudi kambini alfajiri. Swabir akawa hakamatiki, akaifikisha timu fainali. Mbwana akaisifu kambi yake.

Alfajiri ya fainali, na Bodo wale wale, Twaiba akaifunga miguu kwa leso kwenye tendegu la kitanda. Haikubisha.

Kulipokucha Mbwana akaja kuidai. Swabir ndiye aliyemwambia iliko; amemwacha juu ya godoro, ametulia kama mtungi.

"Shikamoo, kocha," Twaiba alisema, akipepeta mchele.

"Marahaba, mwanangu. Nipe miguu, watu washafika. Nitakupa leso mpya."

"Leso ninazo. Moja iko kazini."

Mbwana akamuomba radhi, pale pale uani, kwa sauti ya chini. Twaiba akamuuliza kama atayarudia maneno hayo uwanjani. Akasema uwanjani hawezi, ana heshima yake. Twaiba akaendelea kupepeta.

Bodo wakashinda. Kipaza sauti kikasikika hadi jikoni: Mbwana alimtaja Twaiba tena, na watu wakaitikia.

Jioni Swabir akaletwa kwa mkokoteni, akawekwa kitandani karibu na miguu yake. Akamuuliza mkewe, kwa upole, alikuwa akitaka nini hasa.

Twaiba akalikaza fundo la leso kwanza.

"Nilitaka wewe, Swabir, uwaambie kuwa usiku ule nilikuwa kwa mama."