Mgeni Rasmi wa Siku ya Kusudi

Kazi yangu ni kutembea kwa magongo, na miguu yangu yote miwili ni mizima. Usinihurumie. Kiwanda chetu kinatengeneza magongo ya wagonjwa, na hakuna jozi inayotoka getini kabla ya kutembelewa na mtu. Mtu huyo ni mimi. Nakunja mguu mmoja, nazunguka korido ya majaribio, nasikiliza kama kuna skrubu inayolia. Jozi moja katika kila boksi naanguka nayo makusudi, halafu nanyanyuka nayo, tuone kama imepinda. Ndiyo maana wenzangu wananiita Chali.

Basi tukaletewa afisa utumishi mpya, dada mmoja mwenye viatu vya kelele na moyo mzuri, na huo moyo mzuri ndio uliotusumbua. Alisema wafanyakazi tumesahau kusudi la kampuni. Mimi sikujua kama kampuni ina kusudi. Nilijua ina geti. Akapita idara kwa idara akiuliza ni nini kinachotuamsha asubuhi. Fundi wa kuchomelea akasema ni mtoto wake mchanga. Mama wa stoo akasema ni kibofu. Mimi nikasema kengele ya simu. Akashukuru wote sawasawa, akaenda kubandika bango ukutani: TUNASIMAMISHA WATU. Mlinzi alipolisoma akauliza kama na yeye yumo.

Kisha akatangaza Siku ya Kusudi. Mnufaika mmoja angekuja kantini kutueleza jinsi magongo yetu yalivyobadilisha maisha yake, nasi tungeguswa. Mnufaika aliyempata akapata udhuru. Na kwa kuwa kiwandani hakuna siri, kuna mtu akamnong'oneza dada huyo kuwa baba yake Chali amevunjika nyonga.

Ni kweli. Baba alianguka bafuni mvua zilipoanza. Hospitali walimuunga vizuri, na daktari akasema mfupa umeshika, sasa atembee. Asipoinuka mapema, miguu itakufa ganzi ya uvivu na hatainuka tena. Baba akasema hatembei. Baba ni mwalimu mkuu mstaafu, akishasema amesema. Nilimletea jozi niliyoijaribu kwa miguu yangu mwenyewe, ikaishia nyuma ya mlango, mama akawa anaanikia nguo.

Kwa hiyo anayembeba ni mama. Kitandani hadi kwenye kiti, kwenye kiti hadi chooni, chooni hadi kitandani. Mama ni mwembamba, na mgongo wake umeanza kugoma. Alfajiri namsikia jikoni akijinyoosha kwa kushika meza, akidhani nimelala. Nikisema tutafute msaidizi, baba anasema hataki mtu baki amwone chooni. Nikitaja magongo, anageukia ukuta. Nilikuwa na hasira naye, sitaficha. Nashinda nikiwajaribia magongo watu nisiowajua, na wa kwangu amegoma.

Nikamwambia dada wa utumishi ukweli, kwamba baba hayatumii.

"Lakini anayo?" akauliza.

"Anayo."

"Basi ni mnufaika."

Nikawaza, labda akitoka nje akaona watu atabadilika. Na njia ya kumtoa baba nje naijua ni moja tu. Nikamwambia ameombwa awe mgeni rasmi.

"Wa shughuli gani?"

"Siku ya Kusudi."

"Kusudi gani?"

"Hata wao hawajui, baba. Ndiyo maana wanakuita."

Akaona ni jambo la maana. Akamwagiza mama atoe suti, na siku mbili zilizobaki akawa anaandaa hotuba kuhusu kufika kazini mapema.

Siku yenyewe wapakizi wawili walimbeba na kiti chake hadi mbele ya kantini, magongo yake yakalazwa mezani kama maonyesho. Mkurugenzi alikaa karibu, mikono kifuani. Dada wa utumishi akashika maiki, akasema tumpokee mnufaika wetu, mzee aliyesimamishwa upya na bidhaa zetu. Baba akanitazama. Niliwahi kusoma shuleni kwake. Mtazamo ule naujua.

"Mzee wetu," dada akasema, "tuambie, magongo yetu yamekusaidiaje?"

Baba akapokea maiki. "Mke wangu anaanikia nguo," akasema. "Ni imara. Hayajapinda."

Mkurugenzi akapiga makofi, na mkurugenzi akipiga sisi tunapiga. Dada wa utumishi alikuwa ameanza kutoka jasho. Akasema sasa tutapata maonyesho mafupi, Chali apite mbele. Nikachukua magongo yale yale, nikakunja mguu, nikapita katikati ya meza kama ninavyopita kila siku.

"Simama," akasema baba. "Mguu upi unauma?"

"Hakuna unaouma, baba."

"Ndiyo maana. Unatembea kama mtu anayejua kuwa haanguki." Maiki ilikuwa bado mkononi mwake, nadhani alishaisahau. "Mimi naogopa. Siku ile nililala kwenye sakafu ya bafu asubuhi nzima, namwita mama yako, naye ameenda sokoni. Nilijaribu kuinuka nikashindwa. Sitaki kulala pale tena."

Nilikuwa sijawahi kumsikia baba akisema anaogopa, hata nyoka. Muda wote ule nilikuwa namnunia nikidhani ni kiburi, kumbe mzee wa watu ana hofu tu, kama mimi na wewe. Nilijisikia vibaya sana. Nikaanguka, makusudi, kama ninavyoanguka kazini.

Sakafu ya kantini haina mkeka kama ya majaribio. Kiwiko kilinipa habari zake. Nikajiviringisha ubavuni, nikavuta gongo moja, nikapiga goti, nikalisimika, nikanyanyuka.

"Rudia," akasema baba.

Nikaanguka tena.

"Polepole. Mkono unaushika wapi?"

Nikamwonyesha. Dada wa utumishi akauliza kwa sauti ndogo kama hii imo kwenye ratiba. Mkurugenzi akamwambia aache kwanza. Nikaanguka kwa ubavu wa kulia, nikaanguka kwa wa kushoto, suruali ikachanika gotini. Kiwanda chote hiki, na magongo yote tuliyouza, hakuna aliyewahi kumwonyesha mteja namna ya kuanguka, hata mimi ninayelipwa kwa kuanguka.

"Lete," akasema baba.

Nikampa. Alinyanyuka kidogo kidogo, vipira vya chini vya magongo vikigonga sakafu. Nikasimama nyuma yake.

"Usinishike."

"Sikushiki."

"Lakini usiende mbali."

"Siendi, baba."

Akapiga hatua. Akapumzika, akapiga nyingine. Akampita mkurugenzi bila salamu, akaupita mlango wa jikoni, akafika kwa mama wa stoo.

"Choo kiko wapi, mama?"

Akaonyeshwa. Akaingia peke yake, akafunga mlango kwa ndani.

Kampuni nzima ikahamia nje ya choo. Mkurugenzi, wapakizi, fundi wa kuchomelea, dada wa utumishi na viatu vyake amevishika mkononi visipige kelele. Wote tulikuwa tunasikiliza kama kutakuwa na kishindo. Tukasikia maji ya choo, kisha bomba la kunawa. Hapo nikalia, na sikugeuka ukutani.

Mlango ukafunguka. Baba akatutazama mmoja mmoja.

"Hamna kazi?" akauliza.

Tukatawanyika. Nikatoka nje, nikampigia mama simu, nikamwambia baba ameenda chooni.

"Nani amembeba?"

"Hakuna. Ameenda mwenyewe, na mlango amefunga."

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza nikae."