Jina Alilolifuta Fagio

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, tunamwita Fagio. Hawezi kuona msimbo, yale maagizo yanayoandikiwa kompyuta, wenye maelezo ya ziada akanyamaza. Atayafuta yote, kisha akwambie, "Shemeji, sasa nyumba safi!" Haki ya nani, siku moja nitamfunga mikono.

Tulikuwa wawili tu, chumba cha nyuma cha duka la miwani, tukitengeneza programu ya simu inayomsomea asiyeona maandishi ya kwenye dawa. Hospitali ilitaka kuinunua, kwa sharti kwamba msimbo wake usitoke nje. Tukiukosa mkataba ule, tunafunga chumba, kila mtu na lake.

Ndipo mwanasheria wa hospitali akauliza, "Hiki kipande kinachotambua herufi, mmekiandika nyinyi?"

Nikamtazama Fagio. Fagio akatazama dari. Kumbe alikitoa mtandaoni, na mistari ya juu yenye jina na leseni akaifuta! Leseni yenyewe ilisema wazi: ukikitia kwenye programu yako ukaisambaza, nawe uweke wazi msimbo wako wote.

"Umetumaliza!" nilimfokea.

"Niliona ni maneno tu, shemeji."

Maneno tu! Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikatafuta mtandaoni namba ya aliyekiandika kile kipande, nikampigia, nikamweleza yote, hata huo usafi wa shemeji yangu. Mzee wa watu akacheka mpaka akakohoa.

"Wengi wanachukua, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza. Nilikiandika peke yangu, kwa hiyo ruhusa ni yangu kutoa. Nitawapa leseni nyingine, msimbo wenu ubaki wenu. Ila lile jina lirudisheni."

"Jina lako, mzee?"

"La mke wangu. Alipopofuka nikaanza kukiandika, ili vitabu vyake visimpite. Alifariki kabla sijamaliza."

Nililia, wala sioni haya kusema. Nikashukuru mpaka maneno yakaniishia, naye akaniambia, "Basi, mama, basi."

Mkataba tulisaini. Sasa ukifungua ile programu na kugusa ukurasa wa shukrani, simu inalitaja jina la yule mama kwa sauti, kabla ya majina yetu. Na kwenye msimbo, juu kabisa, Fagio amelirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Chini yake ameandika maelezo, yeye ambaye hajawahi kuandika maelezo maishani mwake: "Hapa pasiguswe."