Jina la Babu Aliye Hai

"Umemwitaje mtoto?" Okwudili aliuliza, simu ingali sikioni.

Sia aliacha robota la suruali za jinzi alilokuwa akilishona, sindano ndefu ikabaki imening'inia. "Nnamdi!" akarudia kwa sauti, ili mzee, baba yake Okwudili kule upande wa pili wa simu, naye asikie. "Si uliniambia maana yake, baba yangu yu hai? Na baba yako si yu hai?"

Okwudili aliifunika simu kwa kiganja, lakini jina lilikuwa limeshafika Nigeria.

"Sia, umemzika baba yangu! Kwetu Waigbo hilo hupewa mtoto babu yake akishafariki. Ndiyo kusema amerudi."

Tabasamu likamwisha. Kwao Marangu, mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, na babu akiwa hai ndiyo raha yenyewe. Alidhani jina linalosema babu yu hai linamheshimu. Na neno la huyo mzee ndilo Sia alilokuwa akilingojea: akimpa mtoto jina, Sia ni mke wa nyumba ile, akikataa, ni mwanamke tu wa kuokotwa China. Kwingine hakuwa nako. Viza ilimwishia mimba ikiwa changa, na tangu hapo hakushuka chini barabarani, Guangyuan Xilu, asije akaulizwa pasipoti. Marobota yalipanda, marobota yakashuka, yeye yuko palepale ghorofani, anashona.

"Mwombe radhi, baba Nanihii," alinong'ona. "Mwambie sikujua."

Okwudili akasema Kiigbo kirefu. Kisha simu ikakohoa, ikacheka.

"Anasema mke wetu aambiwe, maiti huyu jana kamaliza bakuli zima la supu, na leo anataka jingine."

Sia alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza hayakukata.

"Anasema mtoto ni Uzoma. Njia njema. Umtoe nje sasa hivi, umwite kwa sauti, barabara imjue."

"Nje wapi?"

Hilo Okwudili hakulitafsiri. "Ndiyo, Baba," akasema simuni. "Anatoka."

Sia alimfunga mtoto kwa kanga, akasogea dirishani. Ilikuwa baridi ya Januari. Chini wachukuzi walivuta mikokoteni, na mlangoni pa jengo askari wawili walikuwa wakiigeuzageuza pasipoti ya Mkongo mmoja. Aliweka midomo karibu na kioo.

"Uzoma."

Ukungu ukatanda kiooni, mpana kama kiganja, kisha ukaanza kupungua kutoka pembeni.