Changu wa Nafasi ya Arobaini na Moja

Alasiri ya Jumanne ya pili ya mwezi wa Novemba, Bi Nasriya aliteremka kwenye teksi mbele ya maduka mapya ya Ghubra, pwani ya Omani, akiwa na ndoo, kiti cha kukunja na mshipi wa kuvulia uliozungushwa kwenye kibao. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne, na kwa miaka thelathini alifundisha hesabu katika skuli ya wasichana. Alipita katikati ya magari hadi mnara wa msikiti ulipokaa sawasawa na pengo la mlima wa Bawshar, kisha akasogea hatua nne upande wa kushoto. Hapo palikuwa nafasi ya arobaini na moja ya maegesho, nayo ilikuwa wazi.

Akaketi, akatia kipande cha ngisi kwenye ndoana, akaiteremsha. Lami iliipokea ndoana kama maji yanavyoipokea. Chubwi la risasi likagusa chini kwa pima tatu, kama zamani.

Mwezi wa Oktoba alikuwa amejaribu mara mbili, na ndoana ikadunda. Hakuilaumu lami. Wakati wa joto changu hukaa nje, penye kina; baridi ndiyo huwaleta ndani, nao hujikusanya penye kificho, wala hawakifukuzi chambo. Anayewataka hana budi kujua walipo, akishikilie chambo kimya, dhiraa moja juu yao, na aweke kidole cha shahada kwenye mshipi. Kuuma kwao katika baridi ni kama mtoto anayevuta ncha ya buibui la mama yake dukani.

Alikwisha kupata watatu alipofika Bader, mlinzi wa maegesho, kijana wa Kiomani ambaye mama yake alizaliwa Bujumbura.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usinisimamie juani, unawatia samaki kivuli cha kuwatisha."

Bader akasogea. "Bibi, hapa hairuhusiwi kuvua."

"Imeandikwa wapi?"

Bader alikwenda kulisoma bango, akarudi. "Wamekataza kuosha magari, kuchuuza, kucheza mpira na kuvuta sigara."

"Mimi nnafanya lipi katika hayo?"

"Hakuna, bibi."

"Basi nshikie ndoo."

Mahali pale palikuwa khor, mkono mwembamba wa bahari ulioingia nchi kavu. Familia kumi na moja zilizorudi kutoka Unguja zilijenga kando yake. Kila mwaka, kabla ya baridi, walifunga makuti ya mitende kwa kamba, wakayatia mawe na kuyazamisha, ili changu wapate pa kujificha. Waliyaita nyumba za changu. Kila familia iliijua nyumba yake kwa mnara na mlima, na hakuna aliyevua juu ya nyumba ya jirani.

Kisha ikaja habari kwamba wapimaji ardhi wa serikali watakagua ufuo. Bi Nasriya alilelewa kuamini kwamba mgeni kukuta takataka uwanjani ni aibu isiyofutika. Alipita nyumba hadi nyumba akatoa amri, na kwa kuwa alikuwa mwalimu wa watoto wao, wakamtii. Maboya yalitolewa majini, nyavu zikafichwa ghalani, mashua zikaburutwa hadi nyuma ya kuta. Ufuo ulifagiwa mara mbili na kufukizwa udi. Wapimaji walikula haluwa, wakanywa kahawa, wakasifu usafi, na katika fomu yao wakaandika: ufuo mtupu, hautumiki.

Mwaka uliofuata malori ya kifusi yakafika. Familia zilihamishiwa huku na huku, na ramani ikachorwa upya kana kwamba pale pamekuwa pakavu tangu kuumbwa kwa dunia. Hakuna jirani hata mmoja aliyemlaumu Bi Nasriya, na hilo ndilo lililomnyima raha. Kwa miaka saba aliandika barua serikalini akidai sentensi moja tu katika kumbukumbu: kwamba hapa palikuwa na maji, na watu walioishi kwayo. Hakutaka kuingia kaburini akiwa mwanamke aliyewafagia watu wake. Kwenye barua ya mwaka huu aliambatanisha changu.

Jumapili iliyofuata kamati ya watu watatu ilifika maegeshoni. Iliongozwa na mhandisi Talal, ambaye mama yake alisomeshwa na Bi Nasriya.

"Mwalimu," alisema baada ya kuchungulia ndooni, "huyu ni changu."

"Ahsante. Mama yako naye alikuwa mwepesi wa kujibu."

"Na ametoka katika lami."

"Ametoka katika khor. Lami imemkalia tu."

Walipima kina, wakaandika pima tatu. Katibu wao, Shaikha, aliomba mshipi ajaribu. Bi Nasriya alimwelekeza pa kuweka kidole, naye akampata changu wa kadiri ya kiganja na nusu, akanawa mikono, akatia saini kwamba amemwona.

"Sasa andikeni kwamba palikuwa na maji," alisema Bi Nasriya.

Talal alifunga jalada kwa adabu. "Samaki tumemthibitisha, Mwalimu. Maji ni suala la ramani, na ramani inasema pakavu."

"Na samaki anaogelea katika nini?"

"Hilo halimo katika jalada letu."

Kamati ilipendekeza apewe kibali cha kuvua kuanzia Novemba hadi Februari, kwa sharti kwamba hatazuia magari. Kibali kililetwa siku ya tatu. Juu yake palikuwa na jina lake kamili, na chini ya jina, penye hadhi ya mhusika, palipigwa chapa neno moja: mgeni. Alitakiwa kutia saini tu.

Bi Nasriya alitoa kalamu nyekundu mkobani, akalikata neno lile kwa mstari ulionyooka, akaandika juu yake: mwenyeji. Pembeni akaongeza, kwa mwandiko wa ubaoni: rudia. Hakutia saini.

Kibali kilirudishwa ofisini, kikapigwa chapa upya, kikaletwa tena na neno lile lile. Alikisahihisha tena. Wenye magari walikwisha kuzoea kumpisha. Baadhi yao waliomba samaki kwa ajili ya watoto, naye hakuwanyima. Kifusi kilibaki chini, ramani ikabaki ilivyo.

Kibali cha nane kililetwa na Bader katikati ya Januari, siku ya upepo mkali wa kaskazini.

"Bibi, wamesema hiki ndicho cha mwisho. Usipotia saini, watafunga jalada."

"Na wafunge. Samaki hawamo humo. Neno ni lipi?"

"Lile lile."

Kidole cha shahada cha Bi Nasriya kilikuwa kwenye mshipi, na huko chini palikuwa na mvuto mdogo.

"Kalamu imo mkobani," alisema. "Likate wewe. Mimi nimeshika kazi."